Siku Mkaguzi wa Magodoro Alipolala na Viatu

Wapo watu wanaofukuzwa kazi kwa kulala. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, yeye angefukuzwa kama angekataa kulala. Ndiye mkaguzi wa kiwanda chetu cha magodoro. Kila godoro likishashonwa hupelekwa kwake, mwisho wa banda, kwenye kitanda kikubwa cha mbao. Analipanda, analala chali, anafumba macho na kuhesabu pumzi thelathini. Likimridhisha anaamka, anapiga alama ya chaki pembeni na kutamka neno moja tu: "Limepita." Ndiyo maana banda zima linamwita Bwana Limepita.

Mimi ni mshonaji wa mwisho. Nafunga mdomo wa godoro kwa sindano ndefu na uzi wa katani, na meza yangu iko hatua kumi kutoka kitandani kwake. Kwa hiyo miaka kumi na tisa nimekuwa nikimtazama mwanamume mmoja akilala mchana. Siku moja nilimwambia mdogo wangu kwamba nimemwona mume wake usingizini mara nyingi kuliko yeye. Alinirushia mwiko.

Kati yangu na shemeji haikupita siku bila utani. Mwaka jana, alipokuwa kwenye pumzi ya ishirini hivi, nilimfunika shuka jeupe mpaka kichwani, nikashika tama, nikamtuma yule kijana wetu wa kubeba mizigo, tunayemwita Winchi, akawaite watu. Wakaja. Fundi wa makava, mama mwenye moyo laini kuliko sponji tunayoikata, akaangua kilio. Pumzi ya thelathini ilipotimia, marehemu akaketi na shuka lake, akasema limepita. Yule mama alikimbia hadi getini. Meneja akanipa barua ya onyo, na mimi nikaiweka kabatini pamoja na cheti cha ubatizo wa mjukuu.

Lakini liko jambo moja ambalo shemeji hakulifanyia mzaha: viatu. Kabla ya kupanda godoro lolote, hata kama foleni ilikuwa ndefu, alivua viatu na kuvipanga chini ya kitanda, visigino ndani, vidole nje. Nilipomcheka alinijibu kwamba godoro lina mwenyewe, yeye ni mgeni tu, na mgeni hapandi kitanda cha watu na viatu.

Siku ninayoisimulia tulikuwa na kazi ya moto. Magodoro mia na ishirini ya bweni jipya la wasichana, na yote yalitakiwa yaondoke kabla ya saa sita. Lori lilikuwa limerudishwa kinyumenyume getini tangu alfajiri, limeziba mlango kama kizibo cha chupa. Dereva wake alikuwa akizungukazunguka na kuuliza bado mangapi, bado mangapi, hata nikamwambia achukue sindano ashone.

Shemeji alikuja amechelewa, jambo ambalo si kawaida yake. Pale kwenye ngazi sita za kuingilia banda alisimama mara mbili. Nikamwona anajisugua taya. Nikamuuliza kama mdogo wangu hatimaye ameamua kumpiga kofi. Akasema ni jino. Saa tatu na nusu alikuwa anatiririka jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi, mimi mwenyewe nilikuwa na sweta. Hapo nikasema kwa sauti ili banda lote lisikie kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza duniani kutokwa jasho kwa kulala. Wakacheka. Yeye akatabasamu upande mmoja.

Saa nne alikuja mezani kwangu kuomba maji. Alikuwa anajikanda kifuani kwa ngumi, polepole, kama anayekanda unga. Akasema ni kiungulia, chakula cha jana hakikumkubali. Kisha akainama.

"Shemeji, usimwambie mdogo wako. Atanifungia ndani kama kuku."

Nikamwahidi. Nikamwambia siri yake iko salama kwangu mpaka saa ya chakula. Akarudi kitandani kwake, na mimi nikarudi kwenye uzi wangu.

Sasa mtaniuliza, bibi, hukufunzwa? Nilifunzwa. Hilo ndilo linalonichoma. Wiki mbili kabla, meneja alimleta nesi mmoja wakati wa mapumziko, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, na mdoli wake asiye na miguu, aje atufundishe mambo ya moyo. Wengi walikwenda kula. Shemeji alisema kazi yake haiachwi, akalala. Tulibaki kumi na mmoja kwa sababu kulikuwa na soda ya bure. Mimi nilikuwa na sababu mbili: soda, na kumcheka mdoli. Nilipouliza kwa sauti kama maskini huyu kilichomuua ni moyo au ni kukatwa miguu, nesi akaniita mbele, akanipigisha magoti, akaniamuru nimsukume mdoli kifua mara mia mbili bila kupumzika. Alidhani ananiadabisha. Hakujua kwamba tangu nina miaka tisa nilikuwa napiga sufi kwa fimbo mbili kwenye ua wa baba yangu, kutwa nzima, na kwamba mikono hii inajua mwendo wake yenyewe. Nilipomaliza mia mbili nikamuuliza kama anataka na chenji. Akanitazama vingine.

Ndipo akatuambia mengine, na mimi nilisikia, ingawa jicho lilikuwa kwenye kreti la soda. Alisema mshtuko wa moyo hauji kila mara kama kwenye sinema, mtu anashika kifua na kuanguka. Unaweza kuanzia kwenye taya, begani, mkononi, mgongoni, juu ya tumbo. Jasho la baridi. Pumzi fupi. Kichefuchefu. Wanawake wengine wanasikia uchovu tu wa ajabu. Alisema mgonjwa wa moyo atakupa majina yote ya magonjwa: jino, gesi, kiungulia, nimelalia mkono vibaya. La moyo wenyewe hatalitaja. Kwa hiyo, akasema, msimsubiri alitaje ndipo mpige simu.

Nimesema nilisikia. Sikusema nilikumbuka.

Saa tano kasoro kidogo niliinua kichwa ili nikate uzi kwa meno. Shemeji alikuwa amelala chali, macho yamefumba, mikono juu ya tumbo. Winchi alikuwa amesimama pembeni na godoro jingine kichwani, akisubiri chaki. Fundi wa makava alipita na kitambaa chake, wala hakugeuza shingo. Nani amgeuzie shingo? Mtu yuko kazini. Nikakata uzi. Halafu, sijui kwa nini, macho yakashuka chini ya kitanda, mahali pa viatu.

Hapakuwa na viatu.

Nikayapandisha macho. Viatu vilikuwa miguuni. Vyeusi, na vumbi lake, juu ya godoro jeupe la mtoto wa watu.

Sindano ilinitoka mkononi, na mpaka leo haijapatikana. Sikuwa nimekimbia tangu mbwa wa jirani alipokata mnyororo, lakini hatua zile kumi nilizipiga kwa nne. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi na umelowa kama samaki. Nikamwita. Akafumbua macho.

"Kuna mtu amenikalia kifuani, shemeji," akasema. "Mwambie ashuke."

"Na jino?"

"Si jino."

Hapo maneno yote ya nesi yalinirudia kwa mpigo, kama watoto waliofunguliwa darasa. Taya. Jasho. Ngazi. Ngumi kifuani. Nilikuwa nimeyaona yote, moja moja, tangu asubuhi, na kila moja nilikuwa nimelifanyia mzaha wake.

Nikageuka nikapiga kelele kwamba shemeji anaumwa moyo, pigeni simu. Mashine kumi na nne zilikuwa zinanguruma pamoja na lile feni la kupuliza sponji. Waliosikia walicheka. Fundi wa makava akatikisa kidole, akasema mwaka huu bibi ameanza mapema. Winchi, kwa heshima zote, akaniuliza kama alete shuka jeupe.

Nikaona kwamba utani wangu wa miaka kumi na tisa umetega kitanzi, na anayening'inia ni mwingine. Ningelia wangesema naigiza. Ningeapa wangesema naapa vizuri. Ukutani, karibu na mlango wa ghala, kuna mkono mwekundu wa swichi kuu. Hakuna anayeugusa ila fundi umeme, na siku ya kazi ya haraka hata yeye hausogelei. Nikaukimbilia, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, ambao si haba, nikauvuta chini.

Mashine zikazimika moja baada ya nyingine. Feni likawa la mwisho, likazunguka kwa hasira, likasimama. Banda likawa kimya hata tukasikia dereva wa lori akikohoa nje. Manyoya ya sufi yaliyokuwa yanaelea juu yakaanza kutushukia vichwani.

"Nimewadanganya humu ndani mara nyingi," nikasema. "Leo sidanganyi. Shemeji yangu anakufa."

Hakuna aliyecheka. Sauti yangu haikuwa ile waliyoizoea. Meneja alitoka ofisini amevimba, akitaka kujua nani amezima umeme na lori linasubiri. Nikamwambia ni mimi, ataniandikia barua baadaye, sasa apige simu ya gari la wagonjwa. Sekretari wake alikuwa tayari ameshika simu. Binti yule ana akili, na pale ofisini hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Tulimketisha shemeji sakafuni, mgongo kwenye bunda la vitambaa, magoti yamekunjwa, kola imefunguliwa, kama nesi alivyotuelekeza. Mtu wa kwenye simu aliuliza umri, akauliza maumivu yako wapi, akauliza kama mgonjwa anadhurika na aspirini au ana vidonda vya tumbo. Shemeji akatikisa kichwa kwamba hapana. Sekretari anazo aspirini kwenye mkoba kwa ajili ya kichwa cha meneja. Akampa moja, akaambiwa aitafune, asiimeze nzima. Akaitafuna kwa uso wa mtoto anayepewa mwarobaini. Nikasogea kwenye simu kumsaidia sekretari kueleza njia, maana yeye alikuwa anataja majina ya barabara, na barabara zetu vibao vyake viliuzwa vyuma chakavu zamani.

Nilipogeuka, nilikuta wamefanya jambo ambalo ni watu wa kiwanda cha magodoro tu wangelifanya.

Walikuwa wamemlaza kwenye Nambari Moja. Hilo ndilo godoro letu bora, nene kama ukuta, springi tabaka mbili na sponji juu, tunalolitengeneza kwa oda maalumu. Winchi na wenzake wawili walikuwa wamelishusha kutoka ghalani mbio, wakalitandika katikati ya banda, wakambeba mzee wetu kwa upole wakamweka. Waliona aibu mkaguzi aegemee bunda la makombo ya vitambaa wakati nyumba imejaa magodoro. Kwa mapenzi waliyokuwa nayo, mtu angelia. Shemeji alipapasa kitambaa kwa kiganja, akanong'ona kwamba springi ya upande wa kushoto imelegea.

Halafu macho yake yakageuka juu, mkono ukaanguka.

Akaanza kukoroma. Mkoromo mzito, mmoja, kimya kirefu, halafu mwingine. Fundi wa makava akashusha pumzi, akasema afadhali amepata usingizi, tumwache apumzike. Na wengine wakaanza kusogea nyuma kwa ncha za vidole, maana hapo kwetu mtu aliyelala anaheshimiwa.

Lakini sauti ile mimi niliijua. Nesi alikuwa ameitoa kwa koo lake mwenyewe mbele yetu, tukacheka hadi soda zikatutoka puani. Alisema huku si kupumua, huku ni kama samaki nchi kavu, na ukiisikia usingoje. Nikamtikisa mabega, nikamwita kwa jina ambalo mama yake tu ndiye humwita. Hakujibu. Kifua hakikupanda.

Nikapanda juu ya Nambari Moja kwa magoti, nikaweka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, nikasukuma. Shemeji akazama. Na mimi nikazama. Kisha sote wawili tukarushwa juu. Nikasukuma tena, tukazama tena, tukaruka tena, kama watoto kwenye kitanda cha wazazi siku ya mapumziko. Godoro lilikuwa zuri mno. Kila nguvu niliyoipeleka kwenye moyo wake, springi zetu ziliipokea yote na kunirudishia mikononi. Nilikuwa nasukuma godoro, si mtu.

Nikawaambia wamtoe hapo, wamlaze chini kwenye saruji. Wakanitazama kama nimesema wamtupe barabarani. Mzee huyu, kwenye saruji, na magodoro mia na ishirini yanamwangalia? Fundi wa makava akasema hiyo ni fedheha, mtu mwenyewe hali hii. Hata meneja akasema labda tungoje wa gari la wagonjwa waje. Sekunde zinakwenda, nazisikia zikienda. Nikamtazama Winchi.

"Mwanangu," nikamwambia, "heshima yenu inamuua."

Winchi hakungoja la pili. Alimkamata makwapani, akamvuta mara moja tu, na shemeji akawa sakafuni. Saruji ilikuwa baridi, ngumu, imejaa vumbi la chaki. Sijapata kuipenda sakafu kama siku ile.

Nikaanza. Mikono ikauchukua ule mwendo wa sufi bila kuniuliza, upesi upesi, chini, juu, chini, juu, na sasa kifua kilikuwa kinashuka kweli na kurudi. Kwenye ishirini hivi nikasikia kitu kimevunjika chini ya kiganja, kama kuni kavu. Fundi wa makava alishika kichwa. Nesi alituambia mbavu huvunjika na mbavu huunga, endelea. Nikamwambia mama yule asilie, anihesabie. Akahesabu. Alianza na kwikwi, akafika hamsini, na kufikia mia alikuwa ananisimamia kama mwalimu wa mchakamchaka, akiniona nalegea ananiambia bibi, nguvu.

Mikono iliponikataa, Winchi akapiga magoti upande wa pili. Tulipokezana bila kuacha nafasi ya kumeza mate. Nikamwambia asukume kwa uzito wa mwili na akiachie kifua kirudi, asikikalie. Jasho langu lilikuwa linamdondokea shemeji, na nilimwambia kimoyomoyo kwamba akifa leo sitakuwa na mtu wa kumtania, na mdogo wangu nitamwangalia na macho gani.

Ndipo sekretari akakumbuka kisanduku.

Kisanduku chenyewe kinakaa ofisini kwa meneja, kwenye kabati dogo la kioo ukutani. Ni mashine ya kushtua moyo. Wanunuzi wakubwa walisema hawaweki oda kwenye kiwanda kisicho nayo, ikanunuliwa, ikafungiwa ili isiingie vumbi. Wageni huonyeshwa. Meneja alianza kujipapasa mifuko kutafuta ufunguo. Shati. Suruali. Shati tena. Akasema labda upo kwenye suruali ya jana. Sekretari hakusikiliza ilikokwenda hadithi ya suruali. Tulisikia kioo kikipasuka. Alikuwa amechukua kombe letu la usalama kazini, lile tulilopewa mwaka juzi, akalitumia kwa mara ya kwanza.

Alipokifungua, kisanduku kikasema. Sauti ya mwanamke, tulivu kabisa, kama mama mkwe aliyeshinda kesi, na kwa lugha ya kigeni. Sekretari akawa anatutafsiria.

"Anasema avuliwe shati."

Nikachukua mkasi wa kukatia turubai nikalichana shati kutoka juu hadi chini, shati ambalo mdogo wangu alilipiga pasi asubuhi ile. Kifua kilikuwa kimelowa na kimejaa manyoya ya sufi. Pamba hatukuikosa: nikamfuta, nikamkausha. Kulikuwa na vipande viwili vya kubandika, vimechorwa picha mahali pa kila kimoja, kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto. Hata asiyejua kusoma angevibandika. Winchi aliendelea kusukuma hadi sekretari aliposema, anasema msimguse, anapima. Tukaruka nyuma. Meneja naye akaruka, na alikuwa mlangoni.

Kisha kitufe kikaanza kuwakawaka.

"Anasema bonyeza."

Kila mtu akanitazama mimi. Mzaha wote wa banda lile huwa unaanzia kwangu, kwa hiyo na hilo wakaona liwe langu. Nikahakikisha hakuna mkono wala goti linalomgusa. Nikabonyeza.

Mwili ukashtuka, mabega yakainuka sakafuni, yakarudi. Mwanamke wa kisandukuni akasema endeleeni kusukuma, na Winchi akaendelea, na fundi wa makava akaanza tena kuanzia moja. Alifika themanini na kitu. Nakumbuka kwa sababu alikwama hapo. Mkono wa shemeji ulikuwa umeinuka polepole, umeshika kifundo cha mkono wa Winchi, unamsukuma.

Winchi, jitu lile linalobeba magodoro manne kwa mpigo, aliketi chini akalia kama mtoto.

Shemeji alikuwa anapumua. Kifua kinapanda chenyewe, kinashuka chenyewe. Tukamlaza ubavu, vile vipande tukaviacha vilivyo. Na hapohapo tukasikia king'ora barabarani, kikaja, kikakaribia, kikasimama. Hakikuingia. Lori lilikuwa limeziba lango.

Dereva aliyekuwa akituuliza bado mangapi tangu alfajiri alikuwa amesimama ndani juu ya bunda, mdomo wazi, anatazama. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Alikimbia, akaruka ndani ya lori, akalitoa kwa kasi na milango ya nyuma ikiwa wazi, na magodoro matano ya bweni la wasichana yakaanguka barabarani, mawili kulia, matatu kushoto. Gari la wagonjwa likapita katikati yake kama bibi harusi.

Mama aliyeshuka na machela aliuliza maswali haraka haraka. Amezimia saa ngapi, nani ameanza kusukuma, mashine imeshtua mara ngapi. Akaliona Nambari Moja, akaiona sakafu, akauliza alisukumiwa wapi. Nikamwonyesha sakafu. Akasema kama angebaki pale juu, tungekuwa tunazungumza mengine.

Hospitali walimpitishia waya mwembamba kutoka kwenye mkono hadi kwenye mshipa wa moyo ulioziba, wakauzibua, wakaacha humo kimrija kidogo cha wavu wa chuma kushikilia njia. Kesho yake daktari alipomweleza, shemeji alitaka kujua chuma chenyewe ni cha unene gani na kina dhamana ya miaka mingapi. Daktari naye alikuwa na maswali yake. Ikajulikana kwamba vidonge vya presha alikuwa ameviacha miezi mitano, kwa sababu alijisikia mzima. Ikajulikana pia kwamba nyuma ya ghala la sufi, mahali ambapo hata kiberiti ni marufuku, palikuwa na mkaguzi mmoja anayevuta sigara nane kwa siku. Meneja alikuwepo, amekuja na matunda. Alikubali kwamba kisanduku kitatundikwa bandani bila kufuli, na nesi atarudi Ijumaa, na Ijumaa hiyo hakuna atakayekwenda kula.

Lakini hayo ni ya kesho yake. Siku yenyewe, mdogo wangu alinikuta kwenye benchi la ukumbi, nywele zangu zimejaa manyoya. Walikuwa wameshamwambia kwamba mume wake yuko hai. Aliketi karibu nami, hakulia. Akaniuliza swali moja.

"Dada, alianza kuumwa saa ngapi?"

Mdomoni nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha, yote mazuri. Nikayameza. Nikamwambia nilimwona tangu asubuhi, ameshika taya, jasho linamtoka, nikamcheka mbele ya watu. Nikamwambia aliniomba nisimwambie, na mimi nikaahidi. Kama shemeji angevua viatu, nikasema, leo ungekuwa mjane, na mimi nipo hatua kumi, na sindano mkononi.

Mdogo wangu akaanza kunitoa manyoya kichwani, moja moja. Manesi wawili walipita na kigari. Halafu akasema kwamba jana jioni alimwona ameshika bega, anahema, na yeye akamwambia asikae upande mmoja wa kochi. Ngazi za nyumbani alikuwa anazipumzikia tangu wiki iliyopita, na yeye alimwita mzee mbele ya watoto, wakacheka.

Tukashikana mikono pale kwenye benchi. Kisha akasimama, akanivuta.

"Mama naye alifia kitini, tukasema amesinzia. Twende tukapimwe, mimi na wewe, leo hii."

Nikamwambia mimi ni mzima kama ng'ombe. Akasema ndivyo na yule kitandani alivyosema. Presha ya mdogo wangu ilikuwa nzuri, akanitazama kwa kiburi kilekile cha tangu utotoni. Mimi nesi alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza, akatazama, akakifungua. Akahamia mkono wa pili. Akaniuliza kama nimekimbia. Nikasema kidogo. Akanipumzisha robo saa, akapima tena. Mia na themanini na kitu, juu ya mia na kitu. Akauliza kama kichwa huwa kinaniuma. Nikajibu kinaniuma ninapoulizwa maswali. Hakucheka. Akaandika vidonge, akaandika tarehe ya kurudi, akaandika chumvi mwisho, na chini yake akapiga mstari mara mbili.

Ile karatasi mdogo wangu aliipokonya. Kesho yake, daktari na meneja walipoondoka, alinikokota hadi kitandani kwa mumewe, akamwekea mbele ya macho. Shemeji aliisoma taratibu, na nyaya zake kifuani. Akanitazama. Akaisoma tena. Kikaanza kicheko, kidogo kwanza, puani, halafu kikamshika mwili mzima, ameshika mbavu nilizozivunja, machozi yanamtoka, na ile mashine ya pembeni ikaanza kupiga kelele kama kuku wameingiliwa na nyoka. Nesi akaja mbio, akatufukuza.

Nikatoka na vidonge vyangu mfukoni, mdogo wangu kanishika kiwiko kama mshitakiwa. Nyuma yetu shemeji bado anacheka, anasimama kidogo kwa maumivu, anaguna, anacheka tena.